Kampuni ndogo ya samani ianzie wapi kuuza kwa serikali ya jimbo la California?

Muuza Viti aliuliza:

Wanajamvi, nawasalimu. Mimi na mke wangu tunaendesha kampuni ya watu sita hapa Sacramento. Tunauza meza na viti vya ofisi, tunavifunga na kuvikarabati. Mji huu umejaa ofisi za serikali ya jimbo, nasi tumeona ni uzembe kuzipita kila asubuhi bila kujaribu kuziuzia. Kila ninayemuuliza ananielekeza kwenye Idara ya Huduma za Jumla, ile inayojulikana zaidi kama DGS, lakini nikisoma habari zake nakuta majengo, magari, uchapishaji, ukaguzi wa ramani za shule na ununuzi, vyote chini ya paa moja, na sijui mlango wangu ni upi. Je, idara hiyo ndiyo inayonunua kila kitu? Na kazi ya usafi wa majengo, tunaweza kuiomba pia?

Mstaafu wa Zabuni alijibu:

Ndugu yangu, kosa ambalo wengi hulifanya ni kuidhani DGS kuwa duka kubwa linalonunua kwa niaba ya jimbo zima. Idara hiyo iliundwa mwaka 1963 ili shughuli ambazo kila ofisi ingelazimika kuzifanya peke yake, kama vile kutunza majengo, kupanga nafasi za ofisi na kuandaa mikataba, zifanywe na chombo kimoja. Katika ununuzi, kazi yake kubwa ni kuweka kanuni, kufunga mikataba ya jumla ambayo ofisi nyingine huagizia humo, na kuzikabidhi idara nyingine mamlaka ya kununua zenyewe hadi kiwango fulani. Kwa hiyo mteja wako halisi mara nyingi ni ofisa ununuzi wa idara ya afya, ya uchukuzi au ya maji.

Mlango wako wa kwanza ni cheti cha biashara ndogo, ambacho DGS hukitoa bila malipo kupitia Cal eProcure, mfumo wa ununuzi wa jimbo ulio mtandaoni. Kampuni iwe huru na isiyotawala soko lake, makao yake makuu yawe California, wamiliki wawe wakazi wa jimbo, wafanyakazi wasizidi 100, na wastani wa mapato ya miaka mitatu usivuke ukomo uliowekwa.

Faida yake si pambo la ukutani. Zabuni inaposhindaniwa kwa bei, biashara ndogo hupewa upendeleo wa asilimia 5, usiozidi dola 50,000. Tuseme kampuni kubwa imetaja dola 100,000 na wewe umetaja 104,000: katika kulinganisha, yako itahesabiwa kuwa 99,000, utashinda, na utalipwa 104,000 yako kamili. Lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kwa ununuzi wa zaidi ya dola 5,000 na usiofika 250,000, ofisi inaruhusiwa kuacha utaratibu mrefu wa zabuni na kukusanya bei kutoka kwa angalau biashara mbili zenye cheti. Hapo ndipo kampuni ya watu sita hupata mkate wake.

Kuhusu ramani za shule, hilo ni jambo la tetemeko la Long Beach la Machi 1933, lililobomoa majengo ya shule saa chache baada ya wanafunzi kuondoka. Mwezi uliofuata ilitungwa sheria ya kuweka ujenzi wa shule za umma chini ya msanifu majengo wa jimbo, ambaye ofisi yake leo imo ndani ya DGS. Wewe halikuhusu.

Kalamu Nyekundu alijibu:

Mzee amesema kweli, ila amepita haraka mahali penye shimo. Samani za ofisi ni miongoni mwa bidhaa zinazotengenezwa na CALPIA, shirika la jimbo linaloendesha viwanda ndani ya magereza, na sheria inazitaka ofisi za jimbo zinunue kwake kile anachotengeneza. Ofisi inaweza kuomba ruhusa ya kununua kwingine ikiwa bidhaa haikidhi haja, lakini ofisa mwenye kazi nyingi hataandika barua ya kuomba ruhusa hiyo kwa ajili ya viti kumi. Uza kile ambacho CALPIA haina.

Usafi ni mgumu vilevile. Ibara ya VII ya katiba ya jimbo inalinda ajira za watumishi wa umma, hivyo kazi wanayoweza kuifanya haitolewi kwa kampuni binafsi hivihivi tu. Lazima iwepo sababu inayotambuliwa na sheria, kwa mfano dharura au utaalamu usiopatikana serikalini. Majengo ya DGS yana wasafishaji wake walioajiriwa.

Muuza Viti aliandika:

Nawashukuru sana. Je, kufunga meza tulizoziuza wenyewe nako kunahesabiwa kuwa kazi ya watumishi?

Kalamu Nyekundu alijibu:

Hapana. Huduma inayoambatana na mauzo ni mojawapo ya sababu zinazokubalika, kwa hiyo iandike ndani ya mkataba huohuo wa kuuza. Kisha usizikodolee macho ofisi za jimbo peke yake: kaunti, miji na wilaya za shule hazilazimiki kununua CALPIA, na zinaruhusiwa kutumia mikataba ya jumla ya DGS.

Mstaafu wa Zabuni aliongeza:

Nakubali, nilisahau magereza. Jambo moja la mwisho: ankara isiyo na mgogoro inatakiwa kulipwa ndani ya siku 45, na ikichelewa, mwenye cheti hustahili kulipwa faini ya robo ya asilimia kwa kila siku. Mhuri wa tarehe ya kupokelewa ndio ushahidi wako, basi usiondoke bila nakala yake.