Naombeni ushauri: kumenya mahindi kwa mkono, nitumie kulabu ya kiganjani au kijiti cha vidole?

Mkwe wa Iowa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nipo Marekani, jimbo la Iowa, nimeoa huku kwenye familia ya wakulima. Hawa watu kila vuli wana mashindano ya kumenya mahindi kwa mkono. Unapita kwenye mstari wa mahindi yaliyokaukia shambani, unachana ganda, unavunja hindi kutoka kwenye bua na kulirusha ndani ya gari la farasi linalotembea pembeni yako. Ng'ambo ya gari kuna ubao mrefu umesimamishwa ili hindi ligonge na kudondokea ndani. Muda ukiisha wanapima uzito. Wanakukata kwa mahindi uliyoyaacha nyuma, wanakukata tena kwa maganda uliyoyarusha pamoja na hindi.

Baba mkwe kaniandikisha bila kuniuliza. Wenye wakwe mtanielewa, siwezi kukataa.

Shida yangu ni kifaa. Kuna kijiti cha chuma chenye vitanzi vya ngozi unavyopitisha vidole. Kinalala upande wa ndani wa vidole, ncha inatokeza karibu na kidole cha shahada. Halafu kuna kulabu, yaani kibati chenye ncha fupi iliyopinda, kinafungwa kwa mikanda katikati ya kiganja. Nyingine zinakaa chini ya kidole gumba. Kipi kinamfaa anayeanza? Nina wasiwasi kweli, hata usingizi umepungua. Matusi sitaki.

Chongo Mbili

Naweka kiti hapa, wajuzi wanakuja.

Mama Pukuchu

Mwanangu, hicho kijiti si kitu kigeni. Sisi tulichonga cha mti mgumu, tukakitoboa, tukafunga kamba, kinaning'inia mkononi ili kisipotee kwenye maganda. Unachoma kwenye ncha ya hindi pale penye ndevu, unakandamiza ganda kwa gumba, unavuta chini. Upande wa kwanza, upande wa pili, hindi liko uchi. Mama yangu alikuwa anaongea na jirani huku anamenya, wala haangalii mikono, rundo linapanda tu. Mimi nilikuwa nachomoa kwa kucha. Jioni kucha zimenyanyuka, unakula kwa kuhema. Siku alipokufa yule jirani ndio nikajua walikuwa hawapendani kabisa, miaka yote ile walikuwa wanachunguzana nani ana mahindi mengi. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Kalamu Nyekundu

Uzi mzuri. Tuweke historia sawa kidogo. Vijiti vya mfupa, pembe na mti vya kumenyea mahindi vilikuwepo kwa wenyeji wa asili wa Amerika kabla ya mzungu kufika. Walowezi walichukua hapo, wakaweka ngozi na chuma.

Mashindano yenyewe aliyachochea Henry A. Wallace mwaka 1922 hapohapo Iowa, akiwa mhariri wa gazeti la wakulima. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani chini ya Roosevelt. Ya kitaifa yalianza 1924, yakasimama baada ya 1941 kwa sababu ya vita. Muda ulikuwa dakika 80. Mwaka 1940 Irving Bauman wa Illinois alimenya busheli 46.71 ndani ya dakika hizo. Busheli ya mahindi yakiwa bado kwenye gunzi ni ratili 70, kama kilo 32. Pigeni hesabu, ni karibu tani moja na nusu, mtu mmoja, kwa mikono yake tu.

Na cha kuchekesha, Wallace huyohuyo mwaka 1926 alianzisha kampuni ya mbegu chotara. Mahindi ya chotara yanasimama wima na mashine inayapenda. Kwa hiyo aliyewakusanyia wamenyaji uwanja alisaidia pia kuwatoa kazini.

Mkwe wa Iowa

Asante mkuu Kalamu, ila mimi swali langu ni kulabu au kijiti.

Dokta wa Kijiweni

Kabla ya kulabu, linda mkono. Ganda kavu lina makali, linakata kifundo cha mkono mpaka damu. Zamani walikuwa wanavaa mikono ya kitambaa kizito juu ya shati, na glavu za pamba zenye vidole gumba viwili. Ndiyo, viwili. Upande wa kiganja ukitoboka unaigeuza glavu, gumba la pili linachukua zamu. Mzungu kwenye kubana matumizi hana mpinzani.

Halafu punguza chumvi, mazoezi asubuhi, maji mengi.

Chongo Mbili

Dokta hata ukiulizwa njia ya kwenda posta utaandika punguza chumvi.

Fundi Ngozi

Nimeshona mikanda maisha yangu yote, naomba nijibu. Kulabu ina kasi. Mkono wa kwanza unashika hindi, mkono wenye kulabu unapita juu ya ganda kama unalifuta, ncha inanasa, ganda linafunguka. Mkono huohuo unashuka, unakamata hindi kwenye shina lake, unalivunja, unarusha. Wakati hilo liko hewani mkono wa kwanza umeshashika jingine. Kijiti kinakutaka ubane ganda kwa gumba kisha uvute, kuna kituo kidogo pale. Kwenye mashindano kituo kidogo kikijirudia mahindi mia kadhaa umeachwa.

Lakini mkuu, una mambo mawili hujasema. Unamenya kwa mkono gani? Na hiyo kulabu unanunua au unayo?

Mkwe wa Iowa

Ipo, ya familia. Nashukuru, basi nachukua kulabu. Uzi ufungwe.

Fundi Ngozi

Usifunge. Mkono gani?

Mama Pukuchu

Anaruka swali huyu. Mwanangu, sema.

Mkwe wa Iowa

Kushoto.

Haya, naona mmekaa mkao wa kula. Mimi ni wa kushoto tangu nazaliwa, na kulabu iliyopo ni ya mkono wa kulia. Ilikuwa ya babu yake mke wangu. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari ghalani, ngozi imekuwa nyeusi kwa jasho la huyo mzee, pale gumba lilipokuwa linakaa pamechimbika kishimo. Baba mkwe ndiye kanipa, akasema "itakuletea bahati". Jana niliivaa kushoto nikajaribu kwenye mahindi, ncha inaangalia kusiko, inateleza juu ya ganda.

Kwa hiyo nimezitoa ribiti mbili, nimetoboa matundu mapya, na mkanda mmoja nimeukata ili nigeuze bati likae upande wangu. Sijamaliza. Na nisieleweke vibaya, chuma chenyewe sijakigusa. Ngozi ni ngozi tu, hata yeye babu lazima aliwahi kubadilisha mikanda.

Mjukuu wa Chifu

Umekata urithi wa wakwe. Mwanamume mzima. Mali ya ukweni hata kijiko huhamishi bila kuuliza, wewe umetoboa matundu!

Chongo Mbili

"Ngozi ni ngozi tu." Hii nitaichapa kwenye fulana.

Mkwe wa Iowa

Mjukuu, kitu ukipewa ukitumie, kuna ubaya gani ukikirekebisha kikufae? Ningekiacha ukutani ningesemwa nadharau. Nikikivaa vibaya nikashika mkia ningesemwa nimewaaibisha. Mniambie ni njia gani nilikuwa nayo.

Bwana Shamba Mstaafu

Mimi naona watu wanamwandama bure. Mashine za kuvunia za mwanzo ziliwatafuna wakulima vidole na mikono, mtu anaona mabua yamekwama, anatia mkono bila kuzima. Mwenye kulabu alikuwa anarudi nyumbani na vidole vyake kumi. Hongera kwa kudumisha utamaduni. Nina ndugu yangu alikatwa kidole na mashine ya kusaga, yule mwenye mashine hakumpa hata nauli...

(nitaendelea baadaye, chaji inaisha)

Kinyozi Mkuu

Samahani wakubwa, mimi nimesoma kimya toka mwanzo. Leo tupo mwezi Mei. Iowa mwezi Mei ndio wanapanda. Mkwe anatuambia jana "alijaribu kwenye mahindi". Mahindi yapi? Yaliyo kwenye mfuko wa mbegu?

Pili, mashindano ni vuli, leo Mei usingizi umepungua?

Tatu, nchi ya kombaini, eti watu wanamenya kwa mkono na farasi. Wakuu, hii ni chai. Ina tangawizi na maziwa.

Chongo Mbili

Nimeanguka na kiti changu.

Mjukuu wa Chifu

Kumbe! Na mimi nimeshatoa hasira zangu zote.

Kalamu Nyekundu

Hoja ya tatu haina mashiko, Kinyozi. Mashindano yalifufuliwa miaka ya 1970 na yapo mpaka leo, majimbo ya kule katikati yanapeleka washindi wao kwenye ya kitaifa. Kombaini wanazo, ila na ngoma wanacheza. Hoja ya kwanza ndiyo nzito. Mkwe ajibu.

Mkwe wa Iowa

Huku watu wengine wanaacha mistari michache bila kuvuna pembezoni mwa shamba, kulungu na bata mzinga wa porini wale wakati wa baridi. Baba mkwe aliacha. Yaliyobaki yamesinyaa, nusu yameanguka, maganda yamekuwa ya kijivu na yanavunjika hovyo, lakini ni mahindi na yana ganda. Ndiyo niliyojaribia. Na usingizi ni wa kulabu, si wa mashindano. Mnataka niiharibu leo halafu nianze kuhuzunika Oktoba?

Kinyozi Mkuu

Maelezo yamenyooka mno, ndiyo tabia ya chai. Lete picha ya hiyo kulabu na mkanda uliokatwa.

Mkwe wa Iowa

Siwezi kuweka picha.

Kinyozi Mkuu

Nilijua.

Mkwe wa Iowa

Siwezi kwa sababu ile ngozi ina herufi za jina la babu zimechongwa kwa kisu, na mke wangu anasoma Kiswahili. Aliishi huko kwetu, tulikutana huko. Anapita humu mara mojamoja.

Mama Pukuchu

Kwa hiyo hata mkeo hajui.

Mkwe wa Iowa

Nilitaka kumaliza kwanza, aone ikiwa nzuri.

Mjukuu wa Chifu

Iwe chai, isiwe chai, mimi nimerudi kukasirika.

Mama Pukuchu

Sikia, mwanangu. Mkwe hakukupa chuma, alikupa babu yake mkeo. Kamwambie mkeo leo, kabla hujatoboa tundu jingine. Wanaume mnaogopa wakwe kuliko wake zenu, na aliyelala ubavuni mwako ndiye mwenye babu.

Fundi Ngozi

Tuache hukumu, turudi kwenye kazi. Mkwe, hata ukimaliza haitafanya kazi. Bati la kulabu limekunjwa kufuata shimo la kiganja cha kulia. Ukilizungusha, ncha itaangalia upande unaoutaka, sawa, ila mteremko wa bati utakuwa kinyume, ukingo utakutafuna chini ya gumba kila unapofunga ngumi. Ndio maana waliotengeneza walitoa za kulia na za kushoto mbalimbali. Za kushoto zilikuwa chache kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache, lakini zilikuwepo.

Fanya hivi. Rudisha bati lilipokuwa, tumia matundu ya zamani. Ule mkanda uliokata usiutupe. Weka kipande kipya cha ngozi kwa chini, shona vipande viwili vya zamani juu yake, mshono ufuate mashimo ya sindano yaliyokuwepo. Uzi uupake nta. Herufi usizipitishie sindano. Mtu ataona kimetengenezwa, na akiuliza utamwambia kimetengenezwa.

Wewe mwenyewe anza na kijiti. Kijiti cha kawaida hakina kulia wala kushoto, unahamisha vidole tu. Nilipokujibu mwanzo kwamba kulabu ina kasi nilikuwa namjibu mtu wa kulia. Ungesema mapema tusingefika huku.

Na waulize waandaaji kuhusu ule ubao wa kugongea. Wewe wa kushoto huenda utahitaji gari na ubao vikae upande mwingine, hilo si jambo la kuuliza asubuhi ya mashindano.

Mkwe wa Iowa

Nimekupata fundi. Ila baba mkwe anasema kijiti ni cha bibi wanaomenyea jikoni, uwanjani ni kulabu. Nimeona kulabu moja ya kushoto inauzwa mtandaoni kwa jirani wa jimbo la pili. Nikiinunua, ile ya babu naweza kuirudisha kwenye msumari kimyakimya?

Mama Pukuchu

Kimyakimya!

Fundi Ngozi

Nunua ya kushoto. Ya babu ishone kama nilivyosema, umpe mkeo mkononi. Msumari hauna mdomo wa kukutetea.

Kinyozi Mkuu

Bado nasubiri picha. Hata ya mahindi ya kijivu tu.

Mkwe wa Iowa

*[picha: mabua yaliyolala, hindi moja nusu limemenywa, kidole gumba cha mkono wa kushoto chenye plasta]*

Kinyozi Mkuu

Hiyo plasta hukuitaja popote.

Dokta wa Kijiweni

Ngoja. Hicho chuma kimekaa ghalani tangu enzi za babu na kimekuchoma? Mara ya mwisho kuchoma sindano ya pepopunda ni lini?

Mkwe wa Iowa

Ni mkwaruzo tu, Dokta.

Dokta wa Kijiweni

Sijakuuliza ukubwa. Nimekuuliza sindano. Nenda kituo cha afya leo, hapa sitanii, na chumvi kula utakavyo.

Mkwe wa Iowa

Nakwenda. Mke wangu ndiye anaendesha, nitamwambia njiani.

Chongo Mbili

Wakati tunasubiri, zile glavu za magumba mawili kuna anayejua zinapopatikana kwa jumla? Nina wazo la biashara.