Naomba ushauri: "kubisha" kwa chombo cha tanga, kisawe chake ni kipi?

Habari za leo ndugu zangu, na wazee shikamooni. Tuko Tanga, tunaandaa orodha ya maneno ya mabaharia, nimekwama kwenye kitenzi "bisha". Si kubisha hodi wala ubishi wa barazani. Ni kwenda mshazari dhidi ya upepo, kama jahazi linalotoka hapa kwenda Pangani wakati wa kusi (upepo utokao kusini). Linakata upande mmoja, foromali (boriti inayobeba tanga) inahamishiwa upande wa pili wa mlingoti, linakata tena, hivyo hivyo hadi lifike.

Visawe nilivyojaribu havikai. "Geuka" ni pana mno, hata anayerudi alikotoka amegeuka. "Chepuka" na "kengeuka" ni kuiacha njia (hicho cha pili siku hizi kimeelemea kwenye maadili), na anayebisha hajaiacha. "Pindua" kinakaribia, ila ni tendo la mara moja, tena msomaji wa bara atadhani watu wamezama.

Je, nahodha akibadili uelekeo mara moja tu kukwepa mwamba, mnasema amebisha au amepindua? Na "kupiga bisha" mnakitofautisha na "kubisha"?