Chikungunya ya 2004 Amu: mbona nyanya ilimpita?

Bint Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Tangu mwanangu wa kidato cha tatu aanze kunichorea grafu za maradhi mezani, swali hili halinitoki.

Wenye umri wangu mwaikumbuka 2004. Ukame mtupu, na kila nyumba hapa Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), imejaa mapipa na madumu ya maji. Kisha chikungunya, homa ya kuletwa na mbu, ikaingia. Nilishindwa kukalia mbuzi nikune nazi, vidole havikunjiki. Mume wangu alishuka ngazi kwa makalio. Baadaye waliopima damu za watu wakasema takriban asilimia 75 walikuwa wameshaambukizwa. Nyanya, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, hakupata hata mafua. Mwenyewe alisema ni kisomo. Mwanangu asema ni hesabu. Mbu walikuwepo, wagonjwa walikuwepo. Kwa nini ile robo iliachwa?

Maalim wa Hesabu
Wa aleikum salaam, dada. Kisomo sikigusi.

Chukulia habari ya posa iliyovunjika. Asubuhi kila unayemkuta barazani hajaisikia. Jioni, kila ukifungua mdomo wakukatiza: "Ishanifikia." Mwisho wanyamaza, na kuna mtu mtaa wa Wiyoni haitamfikia abadan. Hana kinga huyo, ila wasimulizi waliishiwa na watu. Na aliyepona chikungunya hubaki na kinga, kwa hiyo mbu akimuuma tena hapati cha kubeba.

Mwambie kijana achukue waliosalimika, 0.25. Logi asilia yake ni −1.39. Aondoe alama ya kutoa, agawe kwa 0.75: anapata 1.85. Yaani mwanzoni kila mgonjwa alizaa wagonjwa wasiofika wawili! Kwa namba hiyo, maambukizi mapya huanza kupungua pale watu asilimia 46 wakishapata ugonjwa. Waliobaki hadi 75 huambukizwa njiani kwenye mteremko, maana wagonjwa wameshakuwa wengi. Hapo ndipo wanafunzi wangu huteleza kila mwaka, wakidhani kupungua ndiyo kwisha.

Birika la Kale
Maalim, umewakoroga watu wa Amu kama uji wa sufuria moja. Mbu huyu mwenye madoa meupe miguuni haendi mbali. Wengi hufia jirani na pipa walimozaliwa. Basi hesabu ianzie nyumbani. Marehemu mama alifuga samaki ndani ya birika la chooni, lile tangi la maji la kujengea, na humo sikuona kiluwiluwi hata siku moja. Lakini yale madumu ya ukame, nani aliyatilia samaki?

Halafu kuna umri wa mbu. Virusi vyataka siku kadhaa tumboni mwake kabla ya kufika mateni. Tuseme saba, kwa mfano. Ikiwa kila siku husalimika mbu 9 katika 10, wanaofika siku ya saba ni 48 kwa mia. Wakisalimika 8 katika 10, ni 21 tu. Mtaalamu wa malaria George Macdonald alilionyesha jambo hilo miaka ya 1950, na daktari Ronald Ross kabla yake, 1911, alishasema si lazima umalize mbu wote.

Maalim wa Hesabu
Nakubali, mzee wangu. 1.85 ni wastani. Nyumba ya madumu na nyumba ya samaki si sawa. Na ukitoka nje ya kisiwa hata mbu hawatoshi kueleza. Maradhi yalifika Mombasa mwaka uleule, Komoro 2005, kisha kisiwa cha Réunion. Hapo wahesabu wasafiri na vyombo vyao.

Bint Langoni
Ahsanteni. Ila ngojeni kidogo. Nyanya alikuwa na mguu mbovu, akishinda kitandani ndani ya chandarua tangu alfajiri hadi magharibi. Chai nikimpitishia chini ya pindo. Usiku ndipo akikiinua, alikuwa akilalamika joto.

Mbu huyu huuma saa ngapi?

Birika la Kale
Mchana, mwanangu.