Tupeane uzoefu: ngome za kale za Ulaya, wewe ulienda mwezi gani?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mama watoto kasema likizo ya mwaka huu si ufukweni tena, anataka ngome zile za enzi za wafalme. Tupo Birmingham, watoto wawili, mdogo ana miaka sita. Mliotangulia, mwezi gani? Na wapi mlijuta?

Mzee wa Koblenz
Nianze na aibu yangu. Burg Eltz, huku Ujerumani, haijawahi kubomolewa vitani na mpaka leo inamilikiwa na ukoo uleule, zaidi ya miaka 800. Shemeji alikuja kutoka Moshi mwezi wa kumi na mbili, nikajitia mwenyeji. Tukashuka treni Moselkern, tukashika njia ya msituni zaidi ya saa nzima, matope tele, shemeji kavaa viatu vya harusini. Kufika, lango limefungwa! Hufunga mwanzoni mwa Novemba mpaka Aprili, nami sikuangalia. Shemeji akaitazama minara, akanigeukia: "Yaani umenileta kuona mlango?"

Nilirudi peke yangu mwisho wa Oktoba mwaka uliofuata. Msitu wote manjano, ukungu bondeni, ngome imechomoza juu yake. Ndani unaingia na mwongozaji, picha marufuku.

Bint Pemba
Mleta mada, Wales iko mlangoni kwako, unahangaikia nini? Nenda Conwy. Ngome yake aliijenga Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, kati ya 1283 na 1287, na ukuta wa mji bado upo, unapanda unatembea juu yake.

Mara ya kwanza nilienda Februari kwa sababu vyumba vilikuwa bei ya kutupa. Watu hakuna, kweli. Lakini upepo wa kule juu mnarani uliondoka na mtandio wangu, nikauaga ukielekea baharini. Halafu zile ngazi: za mawe, zinazunguka kama konokono, upande wa ndani mguu hauenei, na katikati zimelika kwa kukanyagwa. Zikilowa ni kama umepakwa mafuta nyayoni. Nilishuka kwa makalio, mtu mzima mimi.

Mei nikarudi. Mawe makavu, na jua linazama saa tatu usiku. Kwa mtoto wa miaka sita, Februari isahau.

Kondoo wa Edinburgh
Huku kwetu Agosti msije, ni mwezi wa matamasha, hata kitanda cha hosteli utakilipia kama hoteli. Njooni Septemba. Na saa saba mchana, kila siku isipokuwa Jumapili, ngomeni wanapiga mzinga, desturi ya tangu 1861. Mwanangu hakuambiwa, aiskrimu ikaenda chini.

Ami wa Muscat
Mmesema Ulaya, samahani naingilia. Ngome ya Bahla, huku Oman, ni ya udongo, nayo ni ya kale vilevile. Mpwa wangu alikuja Julai, akaishia kuitazama kupitia kioo cha gari, kiyoyozi kinanguruma. Disemba au Januari ndiyo yenyewe.

Mleta mada
Bint Pemba, umenimaliza. Mei, Conwy. Gari au treni?

Bint Pemba
Treni. Stesheni iko ndani ya kuta zenyewe. Ila mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Conwy, la sivyo treni inapitiliza.