Tupeane uzoefu: akili ikikimbia wakati wa shida, unairudishaje?

Habari zenu wapendwa. Huu mwezi wa nne namuuguza mama. Mwili uko kando ya kitanda chake, akili iko mwakani: itakuwaje, nitapata wapi, nikibaki peke yangu je? Juzi alikuwa ananisimulia mambo ya utoto wake, nami naitikia "mm, mm". Akanyamaza, akaniuliza, "Nimefikia wapi?" Sikujua. Iliniuma sana, maana hadithi zile nitazitaka siku moja na sitakuwa na wa kumuuliza.

Tangu siku hiyo nikimwosha miguu nafanya hilo moja tu. Kidole baada ya kidole, nasikiliza maji yana uvuguvugu kiasi gani. Mawazo yakinichukua, narudi kwenye kidole. Yananichukua tena, narudi tena. Wenzangu mnafanyaje?

NESI WA ZAMU
Pole sana dada. Mimi kabla ya kuingia wodini navuta pumzi kwa hesabu ya 4, naitoa kwa hesabu ya 6, mara tano hivi. Siri iko kwenye kutoa. Moyo huongeza kasi kidogo ukivuta pumzi na hupunguza ukiitoa, ndiyo maana kutoa taratibu kunatuliza. Mgonjwa bado yuko palepale na hali yake ni ileile, ila mikono inaacha kutetemeka na mshipa nauona.

BABA MAPACHA
Kwangu pumzi iligoma. Nilipoachishwa kazi, nikifumba macho na kujisikiliza ndiyo kifua kinazidi kubana. Ikikutokea usijione umeshindwa, wapo wengi wa hivyo. Mimi nafumbua macho: vitu vitano ninavyoviona, vinne ninavyovigusa, sauti tatu, harufu mbili, ladha moja. Mara nyingi sifiki hata kwenye harufu, nimeshatulia.

Madeni nayo niliyaandika daftarini, la nani na nitampigia lini. Nikizinduka saa nane usiku najiambia liko daftarini, lala. Kuna usiku linakubali, kuna usiku halikubali.

MWANA WA PWEKE
Naomba niongeze. Haya yote niliyafanya kwa bidii, kumbe najificha nisiombe msaada. Wiki tatu silali, sili, nalia bafuni maji yakiwa wazi nisisikike. Dada yangu ndiye aliyenishika mkono hadi kwa mshauri nasaha. Jamani, ukifika pahali unatamani usiamke, usikae peke yako unahesabu pumzi. Mwambie mtu leo hii.

Na wewe dada unayeuguza, nani anakupokea hata saa mbili ukalale?

MWANZISHA UZI
Swali lako nimelisoma mara tatu. Hakuna. Kaka huuliza kila wiki "mnaendeleaje?" nami hujibu "salama". Ngoja nimpigie sasa hivi kabla sijabadili mawazo.