Kuomba ruzuku kwenye taasisi za makampuni: tunaandika, tunatuma, halafu kimya. Wenzetu mnapitaje?

Mtunza_Daftari

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Niko kwenye kashirika kadogo, tunafundisha ufundi na hesabu za biashara kwa vijana walioacha shule, wanaolipwa ni wachache wengine wote wanajitolea, usajili tunao, katiba ipo, hesabu zimekaguliwa, bodi inakaa vikao. Hadi sasa tumeishi kwa michango ya watu binafsi ila mwenyekiti kaja na wazo kwamba tuombe hela za hizi taasisi za makampuni, mabenki, mitandao ya simu, vinywaji na kadhalika, anasema kule hela zipo kibao. Kazi nimetupiwa mimi, na mimi ni mtu wa mahesabu sio wa maandiko.

Basi tuna andiko letu moja zuri tu, limeshiba, tumelituma kila mahali. Wengine kimya kabisa, wengine barua ya asante lakini mwaka huu hapana, na sehemu nyingi wameandika kwenye tovuti kwamba hawapokei maombi ambayo hawajayaalika. Sasa unaalikwaje na mtu asiyekujua?? Halafu kajitokeza jamaa anasema atatuandikia bure ila tukipata anachukua asilimia kumi, mwenyekiti kashaanza kulegea. La mwisho, eti hawa watu hawalipi mishahara, ni kweli?

---

Kiti_cha_Nyuma

Karibu mkuu. Nimewahi kukaa upande wa wanaosoma hayo maombi kwa hiyo ngoja niseme ninavyojua, wenzangu wataongezea.

Kwanza tenganisha kampuni na taasisi ya kampuni, watu wanavichanganya sana. Taasisi mara nyingi imesajiliwa peke yake, ina bodi yake na inabanwa na sheria za mashirika ya hisani. Kampuni yenyewe nayo inatoa hela, kupitia idara ya masoko au ya uwajibikaji kwa jamii, ila hapo wanataka nembo ionekane na wateja wafurahi. Ukipeleka ombi la kudhamini tamasha kwenye taasisi, au andiko la mradi wa miaka mitatu kwa watu wa masoko, umeshakosa kabla hujasomwa. Marekani kwa mfano sheria ya kodi inakataza taasisi kutumia hela ya hisani kuinufaisha kampuni iliyoianzisha au wakubwa wake, ndo maana unaweza kukuta taasisi inakataa kununua tiketi za chakula chenu cha kuchangisha halafu kampuni hiyohiyo inanunua kwa mkono mwingine. Sio roho mbaya.

Pili ujue hela inatoka wapi. Zipo taasisi zenye akiba iliyowekezwa lakini nyingi za makampuni zinajazwa na kampuni mama kutokana na faida, zinagawa, zinajazwa tena. Biashara ikiwa mbaya mfuko unanywea, hata ungeandika kwa wino wa dhahabu. Kwa hiyo uliza mwaka wao wa fedha unaanza lini, maana bajeti ikishagawanywa aliyechelewa anaambiwa mwakani na wala hasemwi vibaya.

Tatu, na hapa ndo pana uzito wote, hela inafuata kampuni ilipo. Nikisema ilipo namaanisha ilipo na wafanyakazi, ilipo na wateja, na pia ile shughuli yenyewe inayofanya. Benki itavutiwa na elimu ya fedha na wafanyabiashara wadogo, kampuni ya vinywaji itaongea maji na taka za plastiki, ya teknolojia itaongea ujuzi wa kompyuta. Nyie mnafundisha hesabu za biashara halafu andiko lililoenda benki ni lilelile lililoenda kwa watu wa maji. Kila mmoja kalisoma akaona linamhusu mwenzake. Msomaji wa kwanza hatafuti uandishi mtamu jamani, anatafuta mko wapi, mnamhudumia nani, mnaomba kiasi gani na kwa kazi ipi, na kama hivyo vinaingia kwenye vigezo alivyopewa. Visipoingia anafunga anaenda la pili. Utamu unakuja kusaidia baadaye sana, wakishabaki wachache wanaofanana.

Kuhusu kualikwa, hiyo sentensi ya kwenye tovuti haimaanishi hawataki kukujua. Inamaanisha usiwamwagie andiko. Barua pepe fupi yenye aya mbili kwa ofisa wa programu, sisi ni fulani, tunafanya hili, tumeona mnafadhili hili, je hii inaweza kuwaingia au tusisumbuane, hiyo wengi wanajibu. Na wakijibu hapana umeokoa wiki nzima ya kuandika.

---

Jicho_Kali

Huyo wa asilimia kumi mkimbieni. Chama cha wachangishaji cha Marekani, AFP, kanuni zake za maadili zinakataza kabisa mtu kulipwa kwa asilimia ya hela inayopatikana, na sio wao tu. Fikiria mwenyewe, mfadhili katoa hela ya vijana wajifunze ufundi, bajeti ina mistari yake, hiyo asilimia utaiweka mstari gani? Ukiificha ni udanganyifu, ukiiandika hupati ruzuku. Na mtu anayelipwa hivyo atakuandikia ahadi kubwakubwa ili kiasi kipande, akishachukua chake anaondoka, mnabaki nyie na ripoti ya mambo msiyoyaweza.

Kama lazima mtu awasaidie mlipeni kwa kazi, bei inajulikana mapema, mpate msipate, na itoke kwenye hela zenu wenyewe.

---

Bi_Ripoti

Naunga mkono waliotangulia. Mimi ningekushauri kabla ya kuandika neno lolote ukae wiki moja unasoma wamewapa nani. Wewe ni mtu wa mahesabu, hii kazi utaifurahia kuliko wengine wote hapo ofisini.

Taasisi za Marekani zinajaza kila mwaka fomu ya kodi inaitwa 990-PF, na hiyo ni ya wazi, unaisoma mtandaoni bila kulipa. Ndani kuna orodha ya kila aliyepewa ruzuku, kiasi, na kusudi. Sio kila nchi ina kitu cha hivyo lakini angalau kuna ripoti za mwaka za kampuni. Ukiwa na orodha za miaka mitatu minne usiangalie jumla, jumla inapofusha. Angalia kiasi cha kawaida wanachotoa kwa shirika la ukubwa wenu, maana kuna mmoja anapewa mamilioni na wengine wote wanapewa kidogo. Angalia majina yanayorudi kila mwaka na majina mapya. Kama majina ni yaleyale miaka yote basi huo mlango umefungwa hata kama tovuti inasema karibuni. Kama kila mwaka kuna wageni kadhaa na wanaanza na kiasi kidogo, hapo omba kiasi kidogo hichohicho.

Na usidanganywe na jina. Ford Foundation ilianzishwa mwaka 1936 na familia ya Ford lakini leo haiongozwi na kampuni ya magari. Mastercard Foundation ilitokana na kampuni ya kadi mwaka 2006 ila ina bodi yake huru na mikakati yake. Ukiwaandikia hao ukiwasifia biashara ya magari au ya kadi utawachekesha tu.

Jambo lingine, kama taasisi ni ya Marekani na shirika lenu halijasajiliwa kule, wao wana mzigo wa ziada. Lazima ama wathibitishe kwamba nyie mnalingana na shirika la hisani la kwao, ama wawafuatilie matumizi kwa mkataba na ripoti maalum. Kuna huduma kama NGOsource inayofanya uthibitisho huo na cheti kinaweza kutumiwa na wafadhili wengine pia. Wengi hawasemi wazi, wanakuona tu ni usumbufu wanakuacha. Ukiandika mapema kwamba nyaraka ziko tayari unawapunguzia sababu ya kukukimbia.

---

Mpanda_Ngazi

Mi niko tofauti kidogo na nyie wote. Kwa shirika dogo hivyo kuanza na taasisi ni kuanzia juu ya ngazi. Anzeni na wafanyakazi wa kampuni. Makampuni mengi makubwa yana utaratibu kwamba mfanyakazi akichangia shirika fulani kampuni inaongeza kiasi hichohicho, na mengine yanalipa shirika kwa masaa ambayo mfanyakazi kajitolea. Hizo hela hazishindaniwi, hazina andiko la kurasa arobaini, mnachotakiwa ni kusajiliwa kwenye mfumo wanaotumia, Benevity na wenzake, mkahakikiwa basi. Mwalikeni mtu wa benki aje kufundisha vijana kutunza daftari la mauzo Jumamosi moja, akipenda atarudi na wenzie. Baada ya hapo ukiandika kwa taasisi unaandika kwamba wafanyakazi wenu wanatujua, na kuna mtu ndani wa kusema ndio nawafahamu. Huko ndiko kualikwa kwenyewe.

---

Kiti_cha_Nyuma

@Mpanda_Ngazi hapo umenena, ombi lenye mfanyakazi nyuma yake tulikuwa tunalisoma kwa jicho lingine. Ila nitakupinga kwenye jambo moja, hizo hela za kuongezea michango ni ndogo na hazitabiriki, huwezi kuajiri mtu kwa hizo. Zichukue kama njia ya kujuana, kodi ya jengo tafuteni kwingine.

---

Mtunza_Daftari

Asanteni sana, nimepata mengi kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo lile andiko tunaliweka kabatini, nitaanza na hiyo orodha ya waliopewa, halafu naandika barua fupi kwa mabenki tu kwanza. Mwenyekiti nitamwonyesha jibu la @Jicho_Kali kama lilivyo, yule bwana wa asilimia asije akasaini nae kitu 😅

Bado mishahara. Na hizi fomu za mtandaoni zinazokata maneno katikati mnazifanyaje?

---

Bi_Ripoti

Mishahara wanalipa, wasichopenda ni mstari ulioandikwa "utawala" wenye tarakimu kubwa na hakuna maelezo. Mwalimu anayesimama mbele ya hao vijana sio utawala, ni mradi wenyewe, andika "mkufunzi, nusu ya muda, miezi kumi na miwili" uweke kwenye gharama za moja kwa moja. Hata wewe, kama robo ya kazi yako ni kutunza hesabu za huo mradi, robo hiyo andika hapo, ila uwe na karatasi za masaa za kuonyesha mkaguzi akija. Kinachobaki, kodi ya jengo, umeme, mhasibu wa jumla, ndo kinaingia kwenye asilimia ya uendeshaji ambayo kila mfadhili ana ukomo wake, msome kwanza. Na msijipunje hapo ili muonekane wa bei rahisi, mtaishia kuugharamia mradi wa kampuni kwa michango ya watu wa kawaida.

Fomu: nakili maswali yote kwenye faili lako, andika humo, hesabu herufi pamoja na nafasi kwa sababu mifumo mingi inahesabu hivyo, ndo ubandike. Usiandike moja kwa moja kwenye ukurasa, ukikaa sana inakutoa na kazi imepotea. Na kwenye swali la matokeo usiishie kwenye idadi ya waliofundishwa, hiyo ni kazi mliyofanya. Wanauliza wangapi baada ya miezi sita bado wanaendesha biashara au wana ajira. Kama hamjawahi kuwafuatilia anzeni na darasa lililomaliza juzi, simu tu na daftari zinatosha.

---

Jicho_Kali

Na majina ya wajumbe wa bodi yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, sio la mtaani wala la kifupi. Wanayapitisha kwenye orodha za vikwazo, yaani za watu ambao ni marufuku kuwapa hela, jina likigongana na la mtu mwingine ombi linakaa hapo wiki mpaka mtu athibitishe, na saa nyingine dirisha linafungwa kabla hawajamaliza.