MJADALA: Je, OCaml ilikosea kuziacha mashine za biti 32?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikera, nalileta hapa tulijadili kwa hoja.

OCaml, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilitoka mwaka 1996 INRIA, taasisi ya utafiti ya Ufaransa. Wengi hawaijui, ila kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya kwanza ya Rust, lugha nyingine ya programu, iliandikwa kwa OCaml, na Rocq (zamani Coq), programu ya kuhakiki uthibitisho wa hisabati, imeandikwa kwa OCaml hadi leo. Desemba 2022 likaja toleo la 5.0, na hatimaye programu moja ikaweza kutumia viini kadhaa vya prosesa kwa pamoja. Tulilisubiri kwa miaka mingi. Lakini siku lilipotoka, kompaila ilikuwa inazalisha lugha ya mashine kwa familia mbili tu za prosesa, x86 na ARM, tena zile za biti 64, yaani zinazoshika data kwa vipande vya biti 64; za zamani ni za biti 32. Nyingine zote ziliachiwa baitikodi, msimbo wa kati ambao si lugha ya prosesa yenyewe, na ambao lazima usomwe amri baada ya amri programu ikiwa inaendelea, kwa hiyo unakwenda polepole.

Prosesa za RISC-V na s390x ya IBM zikarudi na 5.1 mwaka 2023. POWER, nayo ya IBM, ikarudi na 5.2 mwaka 2024. Hata wanaotumia kompaila ya Microsoft kwenye Windows walirudishiwa yao na 5.3, Januari 2025. Biti 32 hazikurudi. Sehemu za kuzizalishia lugha ya mashine zilifutwa kabisa kwenye mradi.

Nafundisha vijana wawili hapa mtaani kwa kompyuta za mtumba, na mojawapo ni ya biti 32. Msimamo wangu: mashine ikishahudumiwa na kompaila, isitupwe kwa sababu tu wenye nayo hawana sauti. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakuelewa, ila umeruka sababu yenyewe. Ndani ya OCaml 5 kila kazi ndogo inaweza kuwa na staki yake (eneo la kumbukumbu la kuwekea hesabu za kazi inayoendelea), fupi, inayoongezwa ikijaa. Programu ikitaka kuita msimbo wa lugha ya C, lazima ihamie kwanza kwenye staki ya mfumo, kisha irudi. Uhamaji huo unaandikwa kwa asembli, yaani amri za prosesa yenyewe, na asembli ya ARM haifanani na ya POWER wala ya x86. Kila prosesa ni kazi upya.

Bado kuna suala la kumbukumbu. Viini viwili vikiandika mahali pamoja, ARM na POWER zina uhuru mkubwa kuliko x86 wa kubadili mpangilio wa uandishi huo, kwa hiyo kompaila lazima iweke vizuizi, yaani amri za kulinda mpangilio, mahali sahihi. Ukikosea hapo, programu itafanya kazi mara elfu halafu ianguke mara moja, na hutajua kwa nini. Usiku wa kutafuta kosa la aina hiyo ni mrefu sana. Nimeshaupitia.

Isitoshe, x86 ya biti 32 ina rejista (vijumba vya kuwekea data ndani ya prosesa) 8 tu za matumizi ya jumla, na moja imeshachukuliwa na staki. Ya biti 64 ina 16.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea. OCaml hutumia biti moja ya kila namba kama alama, kwa hiyo kwenye biti 32 namba kamili ya kawaida ina biti 31. Mfuatano mmoja wa herufi hauvuki MB 16 hivi. Ukifungua faili la MB 20 ulisome lote kwa mkupuo, umekwama. Sisi tuliokuwa tukichambua faili za matukio (log) za seva tulihamia biti 64 zamani, kabla hatujafukuzwa.

Mchangiaji wa tatu:
Hapana ndugu zangu, msimalize mambo haraka hivyo. Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bei nafuu, ilitoka 2016 ikiwa na prosesa ya biti 64, lakini mfumo rasmi wa uendeshaji wa biti 64 ulitoka kwenye majaribio Februari 2022. Miaka sita watu walikuwa na mashine ya biti 64 iliyofungwa mfumo wa biti 32! Ipo mingi bado inapima maji na umeme mahali fulani, na hakuna atakayepanda mnarani kubadilisha kadi yenye mfumo.

Halafu angalieni s390x. Nani kati yetu anayo nyumbani? Ni mashine za mabenki na mashirika makubwa. Ilirudi mwaka 2023. Kumbe wingi wa mashine si kigezo.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo nakubaliana nawe kabisa. Kigezo ni mtu wa kukaa na msimbo, na mashine ya kuujaribia kila mabadiliko yanapoingia.

Mleta mada:
Asanteni. Hili la staki sikulijua kwa undani huo, na nalegeza nusu ya msimamo wangu: siwezi kudai watu wachache waandike asembli ya kila prosesa huku kazi ya viini vingi ikisubiri.

Nusu nyingine naishikilia. Kwa somo la kwanza baitikodi inatosha, nakiri, lakini kijana akianza Rocq kwa baitikodi kwenye mashine dhaifu atakata tamaa kabla hajathibitisha kitu. Toleo la 4.14 bado linazalisha lugha ya mashine ya biti 32, na 4.14.2 ilitoka Machi 2024 na marekebisho. Hilo lisiachwe kufa. Nataka litunzwe makosa yake tu, bila jipya lolote.

Wiki hii naiweka 4.14.2 kwenye ile kompyuta na kuijaribu na maktaba tunazotumia darasani, niandike zipi zinagoma. Mwenye Pi ya biti 32 iliyokaa bure, au anayejua asembli ya ARM ya zamani, aje inbox.